Kalamu Nne za Barazani: Kuchagua kati ya Picha za Sura za Mughal, Dakani, Rajput na Pahari

Kwa mtu anayezitazama kwa mbali, picha za sura za wafalme na wakuu wa India hufanana kama sarafu za mfuko mmoja: mwanamume amesimama ubavu, kilemba kichwani, lulu shingoni, jambia kiunoni, na mkononi ameshika upanga au ua. Wauzaji wa nakala nao huzidisha mkanganyiko kwa kuziita zote kwa jina moja, kana kwamba mchoraji wa Agra wa mwaka 1618 na mwenzake wa Udaipur wa mwaka 1740 walikaa mkeka mmoja na kuchovya rangi katika kombe moja. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kuchagua mtindo mmoja wa kuanzia, ama kwa kujifunza, ama kwa kuagiza nakala nzuri ya kuweka nyumbani.

Wahindi wenyewe huita mtindo wa uchoraji kwa neno ambalo sisi hatuhitaji kutafsiriwa: kalamu. Kuna kalamu ya Mughal, ukoo wa wafalme Waislamu waliotawala sehemu kubwa ya India, kalamu ya Dakani, yaani ya masultani wa nyanda za juu za kusini, kalamu za falme za Rajput, za Wahindu wa magharibi, na kalamu ya Pahari, yaani ya watu wa vilima vya chini ya Himalaya. Chombo chenyewe kilikuwa brashi nyembamba ya manyoya ya mkia wa kindi, na vifaa vingine vilikuwa karibu vile vile katika kila karakana: karatasi kadhaa zilizogandishwa pamoja na kulainishwa kwa jiwe la akiki, rangi za mawe na udongo zilizochanganywa na gundi ya mgunga, na dhahabu iliyosagwa hadi ikawa kama wino. Kwa hiyo tofauti usiitafute katika vifaa. Itafute katika swali ambalo mlipaji alimpa mchoraji. Mughal aliuliza: mtu huyu ni nani hasa? Dakani aliuliza: yuko katika hali gani ya moyo? Rajput aliuliza: amekaa wapi, juu ya nani na mbele ya nani? Mchoraji mmoja wa vilimani aliuliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa amethubutu kuliuliza, nalo nitalifikia.

Tuanze na Mughal, kwa sababu wengine wote, kwa kufuata au kwa kukataa, walikuwa wakimtazama yeye. Mfalme Humayun aliwaleta kutoka Uajemi mabingwa wawili, Mir Sayyid Ali na Abd al-Samad, na mwanawe Akbar, aliyetawala kuanzia 1556 hadi 1605, akakuza karakana yao hadi ikajaa wachoraji wa Kihindi. Mwandishi wake, Abu'l-Fazl, anaeleza kwamba Akbar mwenyewe alikaa ili achorwe, kisha akaamuru wachorwe wakuu wote wa dola, na picha zao zikakusanywa katika albamu; waliokufa, anasema, walipata uhai mpya humo, na waliokuwa hai wakaahidiwa kutosahauliwa. Hilo lilikuwa pia jambo la utawala. Mfalme mwenye maelfu ya maofisa waliotawanyika kutoka Kabul hadi Bengal alihitaji kuwajua kwa nyuso.

Kilele cha kalamu hii, kwa maoni yangu, ni enzi ya Jahangir, mwana wa Akbar, 1605 hadi 1627. Jahangir alijigamba katika kumbukumbu zake kwamba hata kama uso mmoja ungechorwa na mtu huyu na nyusi na yule, angeweza kutambua mkono wa kila mmoja. Mnamo 1613 alipotuma ujumbe kwa Shah Abbas wa Uajemi, alimwongeza msafarani mchoraji Bishandas, aliyesifika kwa kushika sura za watu, ili amletee sura ya mfalme mwenzake. Aliporudi alizawadiwa tembo. Na mwaka 1618, ofisa wake Inayat Khan alipoletwa mbele yake akiwa mifupa mitupu kwa sababu ya kasumba na pombe, Jahangir alishangaa hadi akaamuru wachoraji wamchore vile vile alivyo. Mtu huyo alifariki siku iliyofuata. Mchoro wake uko Boston na picha yake ya rangi iko Oxford, katika maktaba ya Bodleian: mbavu zinahesabika, macho yamezama, mito mikubwa imemzunguka kama watu waliokuja kuaga. Sijaona picha ya sura ya karne hiyo, katika nchi yoyote, iliyo kavu na ya kweli kuliko ile.

Chini ya Shah Jahan, mwana wa Jahangir, ufundi uliongezeka na uhai ukapungua. Katika kitabu cha Padshahnama, yaani historia ya utawala wake, kilichofika kwa Mfalme George III wa Uingereza mwishoni mwa karne ya 18 na ambacho sasa kiko Windsor, kila ofisa barazani amechorwa kwa uso wake halisi, lakini mfalme mwenyewe amekakamaa ubavu, duara la nuru nyuma ya kichwa, kama muhuri. Anayependa usahihi wa vito na nguo atafurahi hapo. Anayetafuta mtu arudi kwa baba yake.

Ukichagua Mughal, basi, unachagua kalamu yenye majina ya wachoraji, tarehe, na maandishi ya watawala wenyewe ya kulinganisha na picha. Kwa mwanafunzi hakuna mlango mwepesi zaidi. Lakini ukweli huo una mipaka yake, na mipaka hiyo huonekana vizuri zaidi katika sura ya mtu mmoja aliyezaliwa upande wetu wa bahari.

Malik Ambar alizaliwa Uhabeshi yapata mwaka 1548, akauzwa utumwani, akapitia mikononi mwa mabwana kadhaa hadi akafika Dakani, na huko akapanda hadi kuwa mtawala halisi wa Ahmadnagar, usultani mmoja wa huko, kwa niaba ya masultani wake. Kwa zaidi ya miaka 20 aliwasumbua Mughal kwa vita vya kuvizia, na Jahangir alimchukia kwa dhati. Mchoraji wa Mughal aitwaye Hashim alimchora adui huyu akiwa amesimama ubavu katika vazi jeupe, upanga mkononi, uso mzito wa mtu mzima aliyeona mengi. Picha iko katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London. Haina dharau hata kidogo. Ila yapata mwaka 1616, katika karakana ile ile, Abu'l Hasan alimchora Jahangir akiwa juu ya tufe la dunia, nalo tufe liko juu ya fahali, fahali juu ya samaki, akilenga mshale kichwa cha Malik Ambar kilichotungikwa juu ya mkuki. Jambo hilo halikutokea kamwe. Malik Ambar alifariki mwaka 1626, akiwa huru na akiwa mzee. Mchoraji wa Mughal, kwa hiyo, alikuwa mkweli kuhusu uso na mtiifu kuhusu yote yaliyouzunguka, na anayechagua kalamu hii akumbuke kutenganisha hayo mawili.

Sasa weka kando ya Malik Ambar picha ya Mhabeshi mwingine, Ikhlas Khan, waziri wa Bijapur, usultani mwingine wa Dakani, chini ya Sultan Muhammad Adil Shah, aliyetawala kuanzia 1627 hadi 1656. Yapata mwaka 1645 wachoraji Haidar Ali na Ibrahim Khan waliwachora sultani na waziri wake wakiwa wamepanda tembo mmoja, Ikhlas Khan nyuma ya bwana wake. Hapa hakuna anayepimwa tabia. Picha inahusu fahari ya pamoja na uzito wa mnyama. Utamjua Ikhlas Khan ukimwona mahali pengine, kwa mfano katika picha iliyoko San Diego ambamo ameshika hati ya maombi, lakini hutajua aliwaza nini. Hiyo ndiyo Dakani: inakupa hewa ya baraza badala ya nafsi ya mtu.

Hewa hiyo ni ya pekee. Ibrahim Adil Shah wa Pili wa Bijapur, aliyetawala kuanzia 1580 hadi 1627, alikuwa mfalme aliyependa muziki kuliko vita, akatunga mashairi ya kuimbwa, na katika picha moja iliyoko Prague, kazi ya Farrukh Beg, anaonekana akipiga chombo chake cha nyuzi. Nguo nyeupe nyepesi zinaonyesha kilicho chini yake, dhahabu imemwagwa bila kuhesabu, mimea imekua kupita kimo chake, na rangi za zambarau na kijani kizito zinakaa pamoja kana kwamba ni usiku na mchana kwa wakati mmoja. Mchoraji wa Mughal angeuliza jua liko upande gani. Mchoraji wa Bijapur hakulihitaji.

Tatizo la kalamu ya Dakani ni la kivitendo. Aurangzeb, mfalme wa Mughal, aliiteka Bijapur mwaka 1686 na usultani wa Golconda mwaka 1687, karakana zikavunjika, na kazi bora zilizobaki ni chache, zimetawanyika kutoka St. Petersburg hadi New York, na nyingi hazina jina la mchoraji. Picha za Golconda za miaka ya mwisho zilinunuliwa pia na Waholanzi katika seti za watawala, na seti moja iliyokuwa ya Nicolaes Witsen iko Rijksmuseum, Amsterdam. Ni nzuri, lakini zilichorwa kwa haraka kwa ajili ya soko la wageni, na ukiijua Dakani kwa hizo tu utaidharau bure. Ningempendekezea kalamu hii mtu anayependa rangi na ushairi na asiyeudhika kukosa majibu. Mtu wa orodha na tarehe itamkera.

Falme za Rajput zina mantiki nyingine kabisa, na hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea, kwa kuwa huzipima kwa kipimo cha Mughal kisha huziona duni. Katika Mewar, ambayo makao yake ni Udaipur, uso wa Maharana, yaani mfalme wa huko, haukuwa siri ya kufumbuliwa. Kila mtu barazani aliujua. Kilichohitaji kuonyeshwa ni mahali pake: nani amekaa kulia kwake, nani amesimama, nani ameshika kipepeo cha manyoya, duara la nuru linazunguka kichwa cha nani. Mewar ilikuwa ya mwisho kati ya falme kubwa za Rajput kukubali amani na Mughal, mwaka 1615, na iliichukua picha ya sura polepole na kwa masharti yake yenyewe.

Chini ya Amar Singh wa Pili, aliyetawala kuanzia 1698 hadi 1710, bado kuna kazi za kijivu zilizotiwa vitone vidogo vidogo kwa brashi, tulivu sana, ambazo hukaribia ubinafsi wa Mughal. Lakini tangu Sangram Singh wa Pili na mrithi wake Jagat Singh wa Pili, karatasi zilipanuka, nyingine zikikaribia mita moja kwa upana, na Maharana akaanza kuonekana mara tatu au nne katika picha moja: hapa anafika kwa mashua, pale anawinda, kule amekaa na wakuu wake juu ya ziwa. Huo si uzembe wa mchoraji. Picha inasimulia siku nzima, na mtazamaji anatakiwa kutembea ndani yake kwa macho. Nyuma ya karatasi mara nyingi kuna maandishi yanayotaja waliomo na tukio lenyewe, jambo ambalo limewasaidia sana watafiti na ambalo nakala za dukani, kwa bahati mbaya, huliacha kabisa.

Ufalme wa Rajput wa Bikaner ni daraja kati ya ulimwengu huu na ule wa Mughal. Watawala wake walikuwa majenerali wa Mughal katika vita vya Dakani, na wachoraji wao, ambao wengi walikuwa Waislamu kama Ruknuddin, walichora kwa ulaini unaowafanya watu wengi waudhani wa Agra, mji wa Mughal. Jaipur na Jodhpur nazitaja tu: picha za sura za huko ni nyingi mno, na ubora wake hupanda na kushuka kiasi kwamba huwezi kuchagua kalamu, utachagua picha moja moja. Kuhusu Kampuni ya Waingereza ya India Mashariki na wachoraji walioifanyia kazi, na picha za mafuta za karne ya 19 kama za Raja Ravi Varma, hizo ni mila nyingine inayotaka ulinganisho wake.

Anayetaka picha moja kubwa ya ukutani, ambayo wageni wataikaribia na kuanza kuuliza maswali, achukue Mewar. Anayetaka uso wa kuongea nao usiku asiichukue.

Huyo wa usiku aende vilimani. Falme za Pahari zilikuwa ndogo, nyingine ndogo kuliko wilaya, na kalamu zao za mwanzo zilikuwa na rangi kali. Huko Basohli wachoraji walibandika vipande vya magamba ya mbawa za mbawakawa vilivyometameta kama zumaridi. Huko Mandi, Raja Sidh Sen, aliyetawala kuanzia 1684 hadi 1727, alichorwa akiwa jitu lenye mabega yanayojaza karatasi nzima. Lakini ninapoipendekeza Pahari kwa picha za sura, kusema kweli nampendekeza mtu mmoja: Nainsukh wa Guler, aliyezaliwa yapata 1710 na kufariki 1778, mwana wa mchoraji Pandit Seu na mdogo wa mchoraji Manaku.

Nainsukh alifanya kazi kwa miaka mingi chini ya Balwant Singh wa Jasrota, mwana wa mfalme ambaye hangekumbukwa na mtu yeyote kama si mchoraji wake. Swali alilouliza Nainsukh ni hili: mtu mkubwa huishije pale ambapo hakuna baraza? Tunamwona Balwant Singh akikatwa ndevu, akiandika barua ndani ya hema, akiota moto huku amejifunika blanketi, akitazama picha huku mchoraji mwenyewe akiwa karibu. Mwili umelegea, tumbo limetulia, kilemba wakati mwingine hakipo. Nafasi kubwa tupu imeachwa kumzunguka, ukuta mweupe au ukumbi usio na kitu, na utupu huo unamfanya awe peke yake kwa namna ambayo Shah Jahan hakuwahi kuwa katika picha zake zote. Ufundi wa mstari ni wa Mughal, lakini utiifu wa Mughal haupo.

Uhusiano wao haukuishia katika picha. Balwant Singh alipofariki mwaka 1763, Nainsukh alikuwa miongoni mwa waliopeleka majivu yake Haridwar, mahali ambapo makuhani wa Mto Ganges huweka daftari za familia za mahujaji. Ni kwa kuzisoma daftari hizo katika karne ya 20 ndipo mwanahistoria B. N. Goswamy alipoweza kuunganisha ukoo mzima wa wachoraji hawa, ambao kabla ya hapo walijulikana kwa majina ya falme tu. Sehemu nzuri ya kazi za Nainsukh iko katika jumba la makumbusho la Rietberg, Zürich.

Kama kuna udhaifu katika uchaguzi huu, ni kwamba Nainsukh hakupi dola. Anayetaka kuelewa jinsi India ilivyotawaliwa hataipata historia hiyo katika ndevu za Balwant Singh.

Jambo moja linawahusu wote wanne, nalo lizingatiwe kabla ya kulipa: picha za wanawake wa majumba ya wafalme si picha za sura kwa maana hii. Wanawake hao waliishi ndani, mchoraji wa kiume kwa kawaida hakuwaona, na kinachoitwa picha ya malkia mara nyingi ni uzuri wa kubuni uliopewa jina baadaye. Zipo picha zinazofikiriwa kuwa tofauti, kama ile ya Abu'l Hasan inayomwonyesha Nur Jahan akiwa na bunduki, iliyoko Rampur, lakini ni chache. Bani Thani, mwimbaji wa ufalme wa Rajput wa Kishangarh, mwenye jicho refu kama samaki na pua kali, ambaye India ilimweka kwenye stempu mwaka 1973 na ambaye nakala zake zinauzwa katika kila duka la Jaipur, ni sura ya Radha, mpenzi wa mungu Krishna, kama mchoraji Nihal Chand alivyomwazia. Mnunue kwa sababu ni mzuri, si kwa sababu ndivyo alivyokuwa.

Kuhusu kununua, njia ni mbili zilizo salama. Ya kwanza ni kuchapisha picha kutoka makumbusho yenyewe: Metropolitan ya New York na jumba la makumbusho la Cleveland hutoa bure picha zenye ubora mkubwa za kazi zisizo na hakimiliki, na zote mbili zina Mughal, Rajput na Pahari za kutosha. Ya pili ni kuagiza nakala ya mkono kwa wachoraji wa Jaipur au Udaipur, ambao bado hutumia mawe ya rangi na brashi za manyoya. Wengine huchora juu ya karatasi kuukuu yenye maandishi ya Kiajemi au mhuri wa serikali, ili kazi ionekane ya zamani. Hakuna ubaya ikiwa muuzaji anasema wazi kwamba karatasi ni ya zamani na picha ni mpya. Akisema picha yenyewe ina miaka 200 na unaweza kuondoka nayo, simama hapo, kwa sababu sheria ya India ya mwaka 1972 inakataza kutoa nchini vitu vya kale vya zaidi ya miaka 100. Akikuonyesha pembe ya ndovu, ondoka. Iliyo halali leo ni mifupa ya ngamia, na inachoreka vizuri.

Mwisho ni ukubwa. Isipokuwa karatasi kubwa za Mewar, picha hizi ni ndogo za kushikwa mkononi. Zilifungwa katika albamu na kupitishwa kutoka mkono hadi mkono, zikatazamwa kwa umbali ambao mtu husomea barua. Ukimkuza Malik Ambar wa Hashim hadi mita moja, kila unywele wa ndevu unageuka kamba na uso unapotea. Mchapishe kwa kipimo chake halisi, umweke kwenye fremu ndogo mahali pasipopigwa na jua, karibu na kiti.